Uso wa Gari Kuukuu: Habari za Ubao wa Mninga wa Hombolo

Watu wengi wakilisikia neno utamaduni, fikra zao huelekea kwenye ngoma, mavazi, vyungu, hadithi za mababu, na pengine kwenye mashairi ya wale waliotutangulia katika lugha. Hapana shaka hayo yote ni utamaduni, na atakayeyadharau atakuwa amejidharau mwenyewe. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiitaja motokaa. Motokaa huhesabiwa kuwa chombo cha kigeni, kilichokuja na wageni, nasi tunakitumia tu mpaka kichakae, kisha tunakitupa. Katika insha hii nakusudia kuonyesha kwamba chombo cha kigeni kikikaa na watu miaka mingi, kikawabeba wagonjwa wao na maiti zao, kikaharibika na kutengenezwa kwa mikono yao, basi huingia katika historia yao kama mtu mgeni anavyoingia katika ukoo kwa ndoa. Nitalieleza jambo hilo kwa kisa cha gari moja lililofanya kazi Hombolo, na hasa kwa kisa cha ubao wake wa mita, ambao mafundi wetu huuita dashibodi.

Yafaa tukumbuke kwanza maneno ya Mwalimu Julius Nyerere siku ile ya tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge baada ya kuapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika. Siku hiyo alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akaeleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Wengi wetu tunaikumbuka sehemu hiyo tu. Lakini Mwalimu alisema pia kwamba kutaka kuurudisha utamaduni wetu hakuna maana ya kuukataa wa wengine, kwani taifa lisilokubali kujifunza kutoka kwa mataifa mengine ni taifa la wapumbavu; ila kujifunza huko kusitufanye tuache kilicho chetu. Basi swali langu linatokana na kauli hiyo: tukikipokea kitu cha wengine, ni lini kinakuwa chetu? Na kikishakuwa chetu, tukikihifadhi, tuhifadhi nini ndani yake?

Neno dashibodi lenyewe lina historia ya kuchekesha kidogo. Huko Uingereza, kabla ya motokaa kubuniwa, lilikuwa jina la ubao uliowekwa mbele ya gari la farasi ili kumkinga dereva na tope lililorushwa na kwato. Farasi walipoondoka na injini ikashika nafasi yao, ubao ulibaki, jina likabaki, lakini kazi ikageuka. Badala ya kuzuia tope, ukawa mahali pa kuweka mita na swichi. Kwa hiyo hata huko kwao kitu hicho hakikukaa na asili moja. Kilibadilika kwa kadiri ya haja ya watu waliokitumia, wala hakuna aliyelalamika kwamba kimepoteza uasili wake.

Mita kubwa katika ubao huo ni ile ya mwendo. Utendaji wake katika magari ya zamani ni wa kupendeza. Kutoka kwenye giaboksi hutoka kebo nyembamba inayozunguka ndani ya mpira wake. Kebo hiyo huzungusha sumaku ndogo iliyomo ndani ya kikombe cha madini mepesi. Sumaku haikigusi kikombe, lakini huking'ang'ania kwa nguvu isiyoonekana, na kikombe hujaribu kuifuata, huku springi nyembamba kama unywele ikikirudisha nyuma. Kadiri gari liendavyo kasi, ndivyo sumaku ishindavyo springi, na mshale hupanda. Ubunifu huo ulitolewa hataza na Mjerumani Otto Schulze mwaka 1902, na ulidumu karibu karne nzima. Chini ya mshale huo kuna vigurudumu vya tarakimu vinavyohesabu maili, moja baada ya moja. Mshale husema gari linakwendaje sasa hivi. Tarakimu husema limeishi kiasi gani. Mshale ni sauti ya gari, na tarakimu ni umri wake.

Gari ninalolizungumzia ni Land Rover. Chombo hiki kilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwezi Aprili 1948, na kilitengenezwa na kampuni ya Rover katika mji wa Solihull, Uingereza, kwa fikra ya mhandisi Maurice Wilks. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, chuma cha bati kilikuwa adimu, hivyo wakalitengeneza bodi lake kwa mchanganyiko wa alumini. Uhaba wa kwao ukawa neema kwetu, kwa maana bodi la namna hiyo halishikwi na kutu kama bati la chuma. Aidha, mita za Land Rover za miaka ile hazikuwekwa mbele ya dereva, bali katikati ya gari. Kusudi lake lilikuwa kwamba ubao ule ule ufae kwa nchi ambazo usukani uko kulia na zile ambazo uko kushoto. Mpango huo ulidumu mpaka mwaka 1971, ilipotoka aina ya tatu na mita zikahamia mbele ya usukani. Lakini mpango ule wa zamani ulizaa jambo ambalo wahandisi hawakulikusudia: aliyekaa karibu na dereva aliziona mita sawasawa na dereva mwenyewe. Mganga, bwana shamba, katibu tarafa, mama mja mzito, wote walisoma mwendo na kujua kama mafuta yapo. Ulikuwa ubao wa watu wote waliomo garini.

Land Rover iliingia Tanganyika mapema na ikaenea kwa haraka. Ilikuwa chombo cha serikali ya kikoloni, kisha ikawa chombo cha ukombozi. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, viongozi wake walihitaji kuzifikia wilaya ambazo hazikuwa na reli wala barabara ya maana, na picha za Mwalimu akiwa katika Land Rover, amezungukwa na umati, zimo katika kumbukumbu za nchi hii. Baada ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 gari hilo lilibeba chanjo, mbegu, barua za Serikali, masanduku ya kura, na vitabu vya elimu ya watu wazima. Hapa Dodoma lilishuhudia mwanzo wa miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Dodoma, watu walipohamishwa kutoka makazi yaliyotawanyika kwenda kuishi pamoja vijijini. Lilishuhudia pia mwaka 1973, ulipotolewa uamuzi wa kuufanya mji huu kuwa makao makuu ya nchi. Wako wanaoyakumbuka mambo hayo kwa furaha, na wako wanaoyakumbuka kwa uchungu. Gari liliwabeba wote.

Lakini si kila chombo kilicholetwa katika nyanda hizi kilipokelewa na ardhi. Kongwa haiko mbali na Hombolo, na Kongwa kuna somo. Baada ya ujumbe wa John Wakefield kuizuru nchi mwaka 1946, serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga katika eneo la ekari zaidi ya milioni tatu, ili wananchi wa Uingereza wapate mafuta ya kula. Kazi ilianza mwaka 1947. Yaliletwa matrekta yaliyobaki vitani, mengine kutoka Ufilipino, na mengi yalikuwa yamechoka kabla ya kuigusa ardhi yetu. Hata vifaru vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Visiki vya mibuyu vilivunja majembe. Udongo wa mfinyanzi uligeuka kuwa kama saruji wakati wa kiangazi. Mvua haikuja kama ilivyotarajiwa. Mwezi Januari 1951 mradi ulifutwa, na pauni milioni 36 zikahesabiwa kuwa zimepotea. Mashine zile zilikuja na nguvu, wataalamu, na fedha. Zilichokosa ni uhusiano na mahali zilipoletwa. Hakuna aliyemwuliza Mgogo mvua hunyesha lini, ilhali yeye anajua kwamba katika nchi hii mvua haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, tena huja kwa miezi michache na kwa hiari yake. Mradi ulikufa, lakini baadhi ya vijana wa Kiafrika walioajiriwa kule walijifunza kushika usukani na spana, na ujuzi huo haukufa.

Ujuzi huo ulihitajiwa sana baadaye. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, kisha vikaja vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, nchi yetu iliishiwa fedha za kigeni. Vijana wa leo hawawezi kufahamu maana ya neno vipuri katika miaka ya mwanzo ya 1980. Gari zima liliweza kulala mwaka mzima kwa kukosa kitu kidogo kama kidole. Mpaka milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984, fundi aliyeweza kulifanya gari litembee bila kipuri alikuwa na heshima sawa na mganga. Serikali nayo iliona mapema umuhimu wa kutengeneza vitu hapa nchini: SIDO iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973 ili kuviinua viwanda vidogo, na huko Kibaha likazaliwa Nyumbu, shirika lililobuni gari la Kitanzania. Lakini mbali na mashirika, palikuwa na viwanda visivyo na jina, chini ya miti, ambavyo vyombo vyake vilikuwa nyundo, tindo, na akili ya mtu.

Sasa nifike Hombolo. Mahali hapa pako kiasi cha kilomita 40 kaskazini-mashariki ya mji wa Dodoma, na njia yake huachana na barabara kuu ya Dar es Salaam pale Ihumwa. Wageni hupajua kwa ajili ya bwawa lililojengwa mwaka 1957, kwa zabibu na mtama, na kwa Chuo cha Serikali za Mitaa. Miaka michache iliyopita, mimi na wenzangu wachache tuliiona Land Rover moja ya miaka ya 1960, aina ya pili, imelala chini ya mkungugu, magurudumu yake yamezama nusu katika mchanga. Ilikuwa mali ya idara moja ya Serikali kabla ya kuuzwa kwa mnada. Tulikubaliana kuchanga fedha, tuifufue, tuipeleke katika viwanja vya Nzuguni siku ya Nane Nane, watoto waione. Wenzangu wakanipa mimi kazi ya kusimamia, kwa sababu nilikuwa na mazoea ya kuandika barua na kutunza risiti.

Injini haikutusumbua sana. Kilichotusumbua ni uso wake. Mahali pa ubao wa chuma uliopakwa rangi kiwandani palikuwa na ubao wa mninga, umechongwa kwa mkono, umefungwa kwa skrubu zisizofanana. Penye tundu la mita ya mwendo palikuwa na kiraka cha bati. Penye tundu la pili palikuwa na geji ya presha ya oili, iliyotolewa katika trekta. Swichi ya taa ilikuwa ya nyumbani, ile ya ukutani. Ukingo wa chini wa ubao ulikuwa umekatwa-katwa chale nyingi, fupi na ndefu, nami nikazidhania kuwa ni kazi ya panya au ya watoto. Niliona aibu. Niliwaambia wenzangu kwamba hatuwezi kuwaonyesha watu gari la namna hii. Lazima lirudishwe katika asili yake, kwa vipuri asili.

Nikaandika barua. Nikapata kwa taabu ubao wa chuma wa gari la aina ile ile, mita ya mwendo iliyotengenezwa na Smiths, geji ya mafuta, na swichi za Lucas wa Birmingham, vyote vya miaka ile na vyote vimeshatumika. Vilipofika tulivifungua kama watu wanaofungua posa. Kijana fundi aliyetusaidia alikuwa stadi. Alijua kwamba magari haya, yale yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1967 hivi, aghalabu waya wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo, na kwamba mtu asiyejua hilo akiunganisha kifaa cha kisasa hukiunguza papo hapo. Aliisafisha mita bila kuipaka rangi upya, akaipaka kebo grisi kidogo, akaiacha sumaku bila kuitia oili. Tulipowasha gari na kulisogeza, mshale ukatetemeka, ukapanda. Tulipiga makofi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Siku mbili kabla ya Nane Nane alikuja mzee mmoja, umri wake umepita miaka themanini, anatembea kwa mkongojo. Tulimwamkia, “Mbukwenyi, mzee,” akaitikia, akaomba kuliona gari. Tulijua kwamba alikuwa dereva wa Serikali zamani, ila hatukujua kwamba gari lenyewe ni hili. Alipitisha kiganja chake juu ya boneti, akafungua mlango, akachungulia ndani. Alinyamaza kwa muda. Kisha akanigeukia, akaniuliza, “Ule ubao, mwanangu, mmeuweka wapi?”

Nikamjibu kwamba tumeuondoa, kwa sababu haukuwa wa asili.

“Haukuwa wa asili,” alisema, si kwa hasira, bali kama mtu anayerudia neno la lugha ngeni ili alielewe. Ndipo akatueleza. Mita ilikufa katika miaka ile ya shida, na kipuri hakikupatikana. Lakini kila safari ilipaswa kuandikwa katika daftari la safari pamoja na maili zake, na bila maili hapakuwa na mafuta ya wiki inayofuata. Yeye alikuwa anajua kwamba kutoka hapa mpaka hospitali mjini ni kama maili 25. Basi akamwomba seremala wa kijiji amchongee ubao wa mninga, na kila arudipo kutoka safari akakata chale moja kwa kisu. Mwisho wa wiki alihesabu chale, akazidisha, akajaza daftari. Chale fupi ilikuwa safari ya kawaida ya kazi. Chale ndefu ilikuwa safari ya usiku, ya kumpeleka mgonjwa au mzazi, ambayo ilifanywa bila ya kibali kwa sababu mwenye kutoa kibali alikuwa amelala mjini; na hiyo ilimpasa ajieleze kwa mkuu wake siku ya pili. “Hizo ndefu,” alisema, “sikutaka zipotee, hata kama daftari litapotea.”

Daftari lilikwisha potea zamani, kama madaftari mengi yalivyopotea. Nasi tukaenda kuutafuta ubao. Tuliukuta uani kwa fundi, umelazwa chini, na juu yake imewekwa betri kuukuu inayovuja. Tindikali ilikuwa imeula ukingo karibu nusu. Chale zilizosalia tulizihesabu: zilikuwa 83, na miongoni mwake ndefu 31. Zilizoliwa hatuwezi kuzihesabu tena. Simlaumu kijana yule. Mimi ndiye niliyetoa amri, na mimi ndiye niliyeuita ubao ule takataka.

Ndugu msomaji, usiku ule sikulala vyema, na katika kukesha kwangu nilijaribu kuifahamu maana ya neno asili. Chukua mfano wa jembe. Mkulima amebadilisha mpini mara tatu na bamba mara mbili. Je, jembe alilorithi kwa baba yake lingali lile? Mwenyewe atakujibu bila kusita kwamba ni lile lile, kwa sababu limelima shamba lile lile na katika mikono ya ukoo ule ule. Chukua mfano wa ilimba, ala ambayo Wagogo wanasifika kwayo, na ambayo marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya. Vyuma vya ilimba aghalabu hufuliwa kutokana na misumari, springi, na vyuma vingine chakavu. Pengine chuma kinachoimba leo katika ilimba kilikuwa jana springi ya gari. Hakuna Mgogo atakayesema kwamba ilimba hiyo si ya asili. Asili yake haiko katika kiwanda kilichoyeyusha chuma. Iko katika sauti inayotolewa na watu wanaoisikia.

Kwa hiyo naona kwamba asili ya kitu si siku kilipotoka kiwandani. Asili yake ni zile siku kilipofanya kazi ambayo kwayo tunakikumbuka. Land Rover kama ilivyotoka Solihull inaweza kuonekana huko Uingereza, tena kwa mamia, imeng'arishwa na wapenzi wenye fedha na nafasi kuliko sisi. Lakini Land Rover kama ilivyoishi Hombolo haiwezi kuonekana mahali pengine popote duniani ila Hombolo. Tukiiondolea miaka yake ya shida, tunaibakiza na miaka ya watu wengine.

Sisemi kwamba vipuri vya kiwandani havina mahali pao. Katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam limehifadhiwa gari la Rolls-Royce lililotumiwa kwanza na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu. Hilo ni gari la fahari ya dola. Historia yake yote imo katika ukamilifu wake, na anayelitengeneza anapaswa kutafuta skrubu iliyo sawa na skrubu, ngozi iliyo sawa na ngozi, na mbao iliyo sawa na mbao. Lingewekewa swichi ya ukutani, lingekuwa limetukanwa. Kanuni ni moja, ila hukumu ni mbili: kwanza mtu ajiulize gari hili linakumbukwa kwa siku zipi, kisha atafute vipuri vya siku hizo. Kipuri asili cha gari la gavana kinatoka Uingereza. Kipuri asili cha gari la Hombolo kilitoka katika mti wa mninga.

Sheria haitusaidii sana katika jambo hili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliuweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa vitu vya kale vya kulindwa, na wakati huo motokaa zilikuwa bado hazijafika duniani, sembuse Ugogo. Basi ulinzi wa vyombo hivi umo mikononi mwa wananchi wenyewe. Na haja ya ulinzi huo inakua. Mwezi Oktoba 2024 lilifanyika jijini Arusha tamasha la Land Rover, na magari kwa mamia yalipanga msururu, makuukuu kwa mapya. Nilifurahi kuona kwamba watu wetu wanayapenda magari hayo. Lakini mapenzi nayo yana hatari yake. Kila apendaye huanza kupaka rangi, kung'oa, kurudisha tarakimu za mita kwenye sifuri ili gari lionekane jipya. Anayerudisha tarakimu za mita amefuta umri wa gari. Na gari lisilo na umri ni sawa na mzee aliyesahaulishwa jina lake.

Kwa hiyo nawashauri wale watakaoifanya kazi hii katika wilaya nyingine. Kabla ya kuifungua skrubu ya kwanza, wamtafute dereva wa zamani, au mjane wake, au utingo wake, wamsikilize. Waandike kila kitu kinachoondolewa, kilikuwa wapi na kilifungwaje, wala wasitupe hata kiraka cha bati mpaka mtu aliyekifunga aulizwe. Mita iliyokufa ikiweza kufufuliwa, ifufuliwe bila kupakwa rangi upya. Ikilazimu kuweka mita nyingine, tarakimu za ile ya kwanza ziandikwe na kuhifadhiwa pamoja na gari. Na maili ziachwe ziwe maili. Zisigeuzwe kilomita kwa sababu tu siku hizi tunapima kwa kilomita.

Msomaji atataka kujua mwisho wa kisa chetu. Tulikwenda Nzuguni na ubao wa chuma, kwa kuwa muda haukutosha kuubadilisha. Watu walilisifu gari, na baadhi yao walipiga picha. Mzee hakuja. Tuliporudi, tulikaa kikao, na hatukukubaliana mara moja. Walikuwapo waliosema, kwa haki, kwamba fedha yao ilikwisha tumika kununua vipuri vile. Mwisho tuliamua. Ubao wa chuma ulifunguliwa, ukafungwa katika sanduku pamoja na mita na swichi zake, na juu ya sanduku tukaandika ni vitu gani na vilitoka wapi, ili siku moja vifae gari jingine. Ubao wa mninga ulioshwa kwa maji na magadi ili kuikata tindikali, ukakaushwa kivulini, ukarudishwa mahali pake na skrubu zake zisizofanana. Sehemu iliyoliwa hatukuiziba, kwa sababu nayo sasa imekwisha kuwa historia, na historia hiyo ni ya kosa langu. Kisha tukamwomba mzee aje. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akapitisha kidole chake kwenye chale, akaanza kutaja: hii alikuwa fulani, mtoto akazaliwa njiani, hii alikuwa fulani, hatukumwahi. Kijana fundi alikuwa pembeni na daftari, akiandika. Aliandika majina 19 kabla ya mzee kuchoka.

Majina hayo si yangu kuyatangaza hapa. Ni ya jamaa zao. Lakini yapo, yameandikwa, nayo yasingekuwapo kama mzee asingeuulizia ubao wake. Na kwa kuwa nimezoea kumaliza maneno yangu kwa ubeti, naomba radhi ya msomaji, nimalizie hivi:

Gari huchakaa bati, na injini kuzimika,
Hung'oka na zake nati, na mshale kuvunjika,
Bali mti wa wakati, uliokwisha chorika,
Hauji ndani ya boti, kwa bei kuagizika.